Niko kati ya mkurugenzi na mameneja wa hoteli tano, na lawama zote zinaishia kwangu

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 38 na ni meneja wa uendeshaji katika makao makuu ya kampuni ya hoteli hapa Dar es Salaam. Kampuni ina hoteli tano: moja ya mjini hapa Dar, mbili za ufukweni Unguja, moja Arusha na loji moja ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Juu yangu yuko mkurugenzi wa uendeshaji. Chini yangu, kwa mujibu wa mchoro uliobandikwa ukutani, wako mameneja wakuu wa hizo hoteli. Lakini meneja akitaka jambo anampigia mkurugenzi moja kwa moja, wanakubaliana kwa simu, na mimi nakuja kulijua mwisho wa mwezi ninapoulizwa kwa nini gharama zimepanda.

Kinachoniumiza kichwa sasa ni hoteli moja ya Unguja yenye vyumba 80. Bajeti ya Aprili ilisema watajaza asilimia 40 kwa bei ya wastani ya shilingi 280,000. Wamejaza asilimia 45, ila kwa wastani wa shilingi 235,000. Meneja wake anasema amevuka lengo na anataka timu yake ipongezwe. Mkurugenzi anasema hoteli iko nyuma, na anataka mimi nieleze. Nilipouliza kwenye kundi la WhatsApp la mameneja, alinijibu mbele ya wote kwamba watu wa ofisini tunajua Excel, hatujui wageni. Mshauri, huyu mzee ndiye aliyenifundisha kazi ya mapokezi miaka 14 iliyopita. Hadi leo namwamkia shikamoo. Mtu kama huyo namwagizaje?

Juu ya hayo, kila hoteli imeagizwa ipunguze matumizi kwa asilimia 12 kuanzia Julai hadi Desemba, na kazi ya kusimamia nimepewa mimi. Mameneja wamenuna. Mmoja ameniambia wazi kwamba kabla sijamwambia apunguze, nimlipe kwanza muuza samaki wake, maana malipo yake yamekwama makao makuu tangu Machi.

Natuma ripoti saba, nne za kila siku na tatu za kila wiki. Natoka ofisini saa mbili au saa tatu usiku. Mwaka jana nilipumzika siku 9 tu. Kuna hoteli nyingine ya Arusha imetangaza nafasi ya umeneja mkuu, na moyo unanivuta huko, nikawe na nyumba moja ninayoiongoza mwenyewe. Nivumilie au niondoke? Na nikivumilia, nianzie wapi?

Meneja wa Katikati, Dar es Salaam

*

Marahaba, mdogo wangu.

Anzia kwa muuza samaki. Umempa sentensi moja tu mwishoni mwa aya, lakini yeye ndiye anayeeleza kwa nini mameneja hawakusikilizi.

Hoteli ya ufukweni inanunua changu, pweza, mboga na matunda kwa wachuuzi ambao mtaji wao wa kesho ni malipo ya leo. Makao makuu yakichelewesha malipo miezi mitatu, mchuuzi hupandisha bei ili afidie kungoja. Au huacha kuleta, na hoteli inahamia kwa dalali mwenye uwezo wa kusubiri, ambaye naye ananunua kwa mchuuzi yuleyule na kuongeza chake. Au meneja anachomoa fedha taslimu za mapokezi, na hesabu za usiku zinaanza kupishana. Yote hayo yanakuja kuonekana kwenye mstari mmoja wa ripoti yako: gharama ya chakula. Kisha ofisi iliyoipandisha gharama hiyo inamwandikia meneja ajieleze. Mameneja wanalijua hili kuliko mnavyolijua ninyi. Mkono mtupu haulambwi, na wewe mpaka sasa unafika kwao na maswali tu.

Wiki hii muombe mhasibu mkuu orodha ya madeni ya wauzaji wa hoteli zote tano, iliyopangwa kwa umri: siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Jumla peke yake haikusaidii. Unataka jina la kila muuzaji na mahali karatasi yake ilipokwama. Mara nyingi utakuta imekwama kwa sababu LPO, yaani hati ya kuagizia bidhaa, ilisainiwa baada ya mzigo kufika, au stoo imeandika kilo 40 na ankara inasema 42, au hakuna risiti ya kielektroniki, au inangoja sahihi ya mtu mmoja aliyesafiri. Kila sababu ina dawa yake. Ya kilo hurudishwa hotelini siku hiyohiyo, mtunza stoo na muuzaji walinganishe. Ya sahihi hutatuliwa kwa kuteua msaini wa pili kwa maandishi. Ya risiti ndiyo ngumu, kwa kuwa mvuvi mdogo hana mashine. Hapo kaa na mhasibu akuambie ni hati gani atakazozipokea bila kuvunja sheria ya kodi, halafu uwapelekee mameneja hizo na si nyingine.

Baada ya hapo omba siku maalumu ya malipo. Mfano unaofanya kazi: ankara iliyokamilika na kufika kabla ya saa kumi jioni Jumatatu inalipwa Alhamisi. Wauzaji wadogo wa vitu vibichi walipwe ndani ya siku 14, wakubwa wa vinywaji na dawa za usafi ndani ya 30. Alhamisi jioni mpigie kila meneja umwambie: ankara zako tatu zimelipwa, ya nne imerudi kwa sababu kilo hazilingani, naomba stoo irekebishe. Simu hiyo ikirudiwa wiki nne mfululizo, watakuwa wanakupigia wewe kabla ya mkurugenzi.

Sasa Aprili. Kabla hujamuuliza mzee swali lolote jingine, hakikisha namba mbili mlizolinganisha ni za aina moja. Bei ya bajeti ya 280,000, je, ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake? Na ile 235,000 imetoka kwenye mfumo wa hoteli kabla au baada ya kutoa kodi? Kiwango cha kodi kikiwa asilimia 15, 280,000 ukigawa kwa 1.15 unapata 243,478. Kikiwa 18, unagawa kwa 1.18 na kupata 237,288. Umeona? Kama bajeti iliandikwa pamoja na kodi na mapato halisi yameandikwa bila kodi, sehemu kubwa ya hizo 45,000 mnazogombania haijawahi kuwepo. Kosa hili ni la kawaida sana katika kampuni yenye hoteli Bara na Visiwani, kwa sababu Zanzibar ina sheria yake ya kodi hiyo na mamlaka yake ya mapato, na mtu wa makao makuu hunakili kanuni ileile kwenye mafaili yote matano. Angalia pia kama aliyetengeneza faili amegawa au ametoa. Ukitoa asilimia 18 kwenye 280,000 unabaki na 229,600, wakati jibu sahihi ni 237,288. Shilingi 7,688 kwa kila chumba, kila usiku, zinapotea kwenye karatasi tu.

Kagua na mengine yanayochafua bei ya wastani. Hoteli ya ufukweni inayouza chumba pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni lazima iondoe sehemu ya chakula kabla ya kuita kilichobaki mapato ya vyumba. Loji ya Serengeti inauza milo yote mitatu, na bei yake huenda inabeba pia ada ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ya kila mgeni kwa kila usiku. Ada hiyo si mapato yenu, mnaipitisha tu. Vyumba vya bure vya waongoza watalii na wageni wa kampuni visiingie kwenye kigawanyo cha bei ya wastani, yaani idadi ya vyumba mnayogawia mapato. Vyumba vilivyofungwa wiki mbili kwa sababu bomba limepasuka vibaki kwenye hesabu ya vyumba vilivyopo; hoteli ikiviondoa, asilimia ya ujazo inapanda bila mgeni hata mmoja kuongezeka. Mambo haya hayahitaji ubishi wa ofisini. Upo mfumo wa hesabu za hoteli unaotumika duniani, ulioanzia New York mwaka 1926, wahasibu wa hoteli wanauita USALI, na toleo lake la 12 limeanza kutumika Januari 2026. Andika ukurasa mmoja wa kanuni kwa kuufuata, mhasibu mkuu ausaini, utumwe kwa wote watano.

Ukikuta tatizo lilikuwa kodi, rudi kwenye kundi lilelile la WhatsApp ulikouliza swali, useme: hesabu ya bajeti ilikuwa na kodi, ya hoteli haikuwa nayo, hoteli ilikuwa sahihi, naomba radhi. Sentensi moja, bila maelezo marefu.

Ukikuta namba ni za aina moja, ndipo hesabu ianze. Vyumba 80 kwa usiku 30 ni nafasi 2,400 za kuuza. Bajeti ilitaka kuuza 960 kwa 280,000, sawa na 268,800,000. Zimeuzwa 1,080 kwa 235,000, sawa na 253,800,000. Pengo ni milioni 15. Gawa kila upande kwa nafasi zote 2,400, zilizolala mgeni na zilizolala tupu: kila chumba kilitakiwa kuleta 112,000 na kimeleta 105,750. Hiyo ndiyo namba ya kuweka mbele ya mkurugenzi, kwa kuwa inabeba bei na ujazo pamoja.

Kisha ligawe pengo lenyewe. Vyumba 120 vya ziada, kwa bei ya bajeti, vimeongeza 33,600,000. Hiyo ni kazi halisi ya timu ya mzee, na pongezi wanazozidai ni haki yao. Kushuka kwa bei, 45,000 mara 1,080, kumeondoa 48,600,000. Toa moja kwa nyingine, ni zilezile milioni 15. Mzee amesema kweli na mkurugenzi amesema kweli. Kila mmoja ameshika nusu ya hesabu. Nusu yako wewe ni ile ambayo hakuna aliyeitaja: wageni wa ziada wana gharama. Shuka na taulo zinafuliwa, sabuni inaisha, kiyoyozi kinawaka, kifungua kinywa kinaliwa, wakala anakata kamisheni. Mhasibu wa hoteli akikuambia chumba kimoja kilicholaliwa kinagharimu, tuseme, 60,000, basi vile 120 vimekula 7,200,000, na pengo la faida ni 22,200,000.

Hapo ndipo pa kuuliza bei imeshukia wapi. Mahali pa kwanza pa kutazama ni punguzo linalopanda juu ya punguzo kwenye tovuti za kuhifadhi vyumba. Hoteli inaweka asilimia 10 ya wanachama. Afisa mauzo anaongeza 15 ya anayetumia simu. Masika yanaingia, mtu mwingine anawasha 20 ya msimu. Hakuna anayezima la mwenzake. Chumba cha 280,000 kinashuka hadi 252,000, kisha 214,200, kisha 171,360. Ni karibu asilimia 39, na hakuna mtu aliyekaa akaidhinisha asilimia 39. Fungua ukurasa wa hoteli yako kwa simu, kama mgeni, chagua tarehe, usome bei ya mwisho kabla ya kulipa. Itakuchukua dakika tano. Mengine ni mchanganyiko wa wageni: makundi ya semina na bei ya wakazi wakiwa wengi, wastani utashuka hata kama kila mmoja amelipa bei yake halali. Na vyumba vya mawakala vyenye mkataba uliosainiwa mwaka mmoja kabla havishiki agizo la kupandisha bei Agosti, kwa hiyo usimwahidi mkurugenzi fedha kutoka huko.

Kuhusu mzee mwenyewe. Shikamoo iendelee, haikupunguzii cheo. Kinachokupunguzia ni kumuuliza namba hadharani kabla hajaiona. Kwa mtu wa umri wake na heshima yake, kuulizwa mbele ya vijana ni kuvuliwa nguo, na atajibu kama mtu aliyevuliwa. Weka utaratibu kwa mameneja wote, asijione ametengwa: ripoti ya mwezi inawafikia saa 48 kabla ya kikao, na wewe unapiga simu siku moja kabla. Kwake anza hivi: "Shikamoo mzee. Aprili mmejaza zaidi ya bajeti, vyumba 120. Bei imeshuka elfu 45. Naomba unisaidie kuelewa imeshukia wapi kabla sijaulizwa mimi." Atakueleza jambo ambalo Excel haina, kwa mfano ndege ya kukodi iliyofutwa na wakala mkubwa, au hoteli jirani iliyofungua kwa bei ya kutupa. Liandike kwenye maelezo ya ripoti kwa jina la hoteli yake, lisomwe kama lilivyo.

Nenda pia ukalale kule, usiku mbili, katikati ya wiki, si Jumamosi ya kuingia na kutoka wageni. Kaa na mhasibu wa usiku anapofunga siku, uone chumba cha bure anakiandika wapi. Asubuhi simama stoo mzani unapopimia samaki. Usiende na fomu ya ukaguzi. Ukienda nayo, kila mtu atakuonyesha alichotayarisha.

Sasa mkurugenzi, na simu zinazopita juu ya kichwa chako. Usimpelekee malalamiko kwamba unarukwa. Yeye anaona tu kwamba meneja alikuwa na shida na shida imekwisha. Mpelekee ukurasa mmoja wa mipaka ya maamuzi wenye safu nne: jambo, anayeamua, anayeulizwa kabla, anayejulishwa baada. Mistari isizidi 12, na kila mmoja uwe na namba. Kwa mfano, punguzo la bei hadi asilimia 10 aamue meneja wa hoteli. Zaidi ya 10 hadi 20 uamue wewe. Zaidi ya hapo mkurugenzi. Punguzo lihesabiwe kwa bei ya mwisho anayoiona mgeni, yote yakijumlishwa, la sivyo yale matatu ya tovuti yatapita chini ya mpaka moja moja. Ununuzi nje ya bajeti hadi shilingi milioni 2 uwe wa meneja. Fidia ya papo kwa papo kwa mgeni mwenye malalamiko iwe na kiwango ambacho hata mtu wa mapokezi anaweza kukitoa saa saba usiku bila kumwamsha mtu. Pampu ya maji, jenereta, moto na usalama: meneja anatengeneza kwanza, anaandika ndani ya saa 24.

Mtego wa mipaka ya fedha ni kugawanya ankara. Kazi ya milioni 3.8 inakuja kama ankara mbili za milioni 1.9, tarehe tofauti, fundi yuleyule. Kwa hiyo andika "kwa kazi moja, na kwa muuzaji mmoja ndani ya mwezi mmoja". Mtego wa pili ni wewe mwenyewe. Ukipewa asilimia 10 hadi 20 halafu ukakaa na ombi siku tatu wakati wakala anangoja jibu, meneja atapiga simu juu na atakuwa na haki. Jiwekee saa nne za kazi kwa ombi la bei na siku moja kwa mengine, na uandike hivyo kwenye karatasi yenyewe.

Mkurugenzi akishakubali karatasi, muombe jambo moja zaidi: meneja akimpigia kwa jambo lililo kwenye mstari wako, amuulize, "Umeshaongea naye?" Basi. Hahitaji kukataa wala kugomba. Na pale atakapoamua kwa simu, kwa sababu wakati mwingine ataamua, wewe mwandikie meneja ujumbe wa mistari mitatu ukimnakili mkurugenzi: kilichokubaliwa, kiasi, tarehe ya kuanza. Mwisho wa mwezi hutaulizwa swali usilokuwa na jibu lake.

Asilimia 12 ni agizo ninaloliona baya kwa namna lilivyokuja, na ni wajibu wako kulirudisha juu likiwa limepangwa vizuri zaidi. Julai hadi Oktoba ni msimu wa wageni wengi. Gharama zinazofuata wageni, kama kufua, chakula, sabuni na kamisheni, zitapanda hoteli ikijaa, na zinapaswa kupanda. Ukimwambia meneja apunguze jumla ya chakula kwa asilimia 12 mwezi ambao wageni wameongezeka kwa 20, unamwagiza amkate mgeni kwenye sahani. Kwa gharama hizi pima kwa kichwa: chakula kwa kila aliyekula, kufua kwa kila chumba kilicholaliwa. Hapo nafuu inaweza kupatikana bila mgeni kuumia. Simama jikoni saa nne na nusu asubuhi, meza ya kifungua kinywa inapoondolewa, upime kwa mzani kinachorudi, siku saba mfululizo, kila aina kwenye ndoo yake: matunda yaliyokatwa, mikate, mayai, nyama. Utakuta tikiti na mkate ndivyo vinavyorudi kwa wingi, kwa sababu trei hujazwa mara ya mwisho saa nne kasoro robo, wageni wakiwa wameshakula. Trei ndogo baada ya saa tatu na nusu, na siku zenye wageni chini ya 35 mpishi apike kwa oda badala ya kupanga meza nzima. Hiyo ni nafuu unayoweza kuihesabu.

Gharama zilizosimama, yaani ulinzi, bima, intaneti na leseni, hazipungui kwa amri. Hupungua mkataba unapoisha, basi tafuta mikataba inayoisha kabla ya Desemba ushughulike na hiyo tu, na kwa hoteli zote tano kwa pamoja, kwa kuwa hapo ndipo makao makuu yana nguvu ambayo hoteli moja haina. Yaliyobaki ni matengenezo. Nakusihi uyasimamie kwa macho yako, kwani meneja aliyebanwa hukata hapo kwanza: hakuna mgeni anayeona kiyoyozi ambacho hakijasafishwa. Lakini Unguja hewa ya bahari ina chumvi. Koili ya nje isipooshwa kwa maji yasiyo na chumvi inaziba na kulika, kompresa inafanya kazi muda mrefu zaidi, bili ya umeme inapanda polepole, na Desemba hoteli imejaa ndipo kompresa inaungua. Fedha ya kuosha mliyookoa Agosti mnailipa mara nyingi Krismasi, pamoja na mgeni wa kuhamishwa chumba. Peleka juu pendekezo lenye kiasi kilekile cha shilingi kwa kampuni nzima, kikiwa kimegawanywa hoteli kwa hoteli kulingana na kinachowezekana, na matengenezo ya viyoyozi, jenereta na mifumo ya moto yakiwa nje ya makato. Mkurugenzi anayebanwa na bodi anahitaji jumla itimie. Mgawanyo atakuachia ukimpa hesabu.

Ripoti saba ni nyingi. Usiziache kimyakimya. Kwa kila moja andika nani anaisoma na uamuzi gani ulitokana nayo mwezi uliopita. Zisizo na jibu, muulize msomaji wake kama unaweza kuzisimamisha wiki mbili. Bakiza ukurasa mmoja wa kila siku, utoke saa nne asubuhi kwa namba zilizofungwa na wahasibu wa usiku, na mmoja wa Jumatatu unaotazama mbele: kwa kila mwezi wa miezi mitatu ijayo, vyumba vilivyokwisha kuhifadhiwa leo, vilivyokuwepo Jumatatu iliyopita, na vilivyokuwepo tarehe kama hii mwaka jana. Huo wa Jumatatu ndio wenye thamani kubwa, maana Agosti ikionekana dhaifu mwezi Juni bado kuna la kufanya.

Likizo usiifanyie mzaha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, sikukuu zikihesabiwa ndani yake, na mwajiri anatakiwa akupangie ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha, au 12 kama umeridhia na kazi inalazimu. Lakini ujue pia kwamba kikomo cha saa 45 kwa wiki na malipo ya saa za ziada havimhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Wewe uko humo. Kudai fedha za zile saa tatu usiku hakutakufikisha mbali. Kudai likizo kutakufikisha. Omba Mei ijayo, masika, kwa maandishi, sasa hivi.

Na Arusha? Sikuambii uende wala ubaki kabla hujajipa siku 90 za kujaribu haya, ukianza na malipo ya wauzaji na karatasi ya mipaka. Zikiisha na mkurugenzi bado hajaisaini karatasi, utakuwa umejua kwamba nafasi yako haina mamlaka na haitapewa. Kama tangazo halingoji, nenda kwenye usaili, ila ukumbuke kwamba meneja mkuu wa Arusha naye ana makao makuu juu yake. Uliza punguzo la bei mwisho wake ni asilimia ngapi bila kuomba ruhusa, na ununuzi nje ya bajeti ni shilingi ngapi. Omba hesabu za faida na hasara za miezi 12 na orodha ya madeni ya wauzaji kwa umri. Ukikuta muuza samaki wa huko naye anadai tangu Machi, utakuwa unahamia upande wa pili wa shida ileile.